Manyoya ya jogoo, kutoka Goma hadi Uvira

Alhamisi, 30 Juni 2016. Goma

Nimemngoja Athmani kwenye Grande Barrière, mpakani mwa Rwanda na Kongo, tangu saa tatu asubuhi. Leo ni sikukuu ya uhuru, gwaride limefunga nusu ya mji, na mihuri ya mpakani inagongwa kwa mwendo wa kinyonga. Ametokea saa nane, miguu imevimba kwa safari ya basi: Malindi, Mombasa, Nairobi, Kampala, Kigali, Gisenyi. Begani ana begi dogo. Mkononi ana bomba la plastiki la kijivu, lile la maji machafu, limezibwa ncha zote mbili.

Afisa wa forodha akaligonga kwa kalamu. "Ndani muna nini?"

"Fimbo ya kuvulia samaki."

"Fungua."

Ikatoka fimbo ya vipande vinne, nyembamba, moja ya sehemu zake imeungwa kwa uzi na gundi. Afisa akauliza ndobo iko wapi. Athmani hakuelewa, nikamwambia kwetu ndoana ni ndobo na kuvua kwa ndoana ni kuloba. Akafungua kikopo. Ndani mlikuwa na mafundo ya manyoya meupe, mekundu na ya kijani, kila fundo lina macho mawili ya chuma. Afisa alicheka mpaka akamwita mwenzake. "Huyu haloba. Huyu ni muganga."

Athmani ni mume wa dada yangu mdogo. Kwa miaka tisa amekuwa baharia kwenye mashua za wageni wanaovua samaki wakubwa Malindi na Watamu. Mwezi wa saba kusi inavuma, bahari inachafuka, mashua nyingi zinapandishwa nchi kavu kupakwa rangi, na hapo ndipo mabaharia wanapokumbuka kwamba wana wakwe. Fimbo aliachiwa na mteja baada ya kipande kuvunjika mlangoni mwa gari. Si samaki aliyeivunja, ni mlango. Yeye akaiunga.

Mimi ni fundi wa moteri za mashua Bukavu. Nimekuja Goma kununua vipuri na kumpokea, na nina mpango wangu: miaka yote dada ananiambia kwa simu kwamba mumewe huvua samaki wa kilo 30 kwa unyoya. Nataka kuona.

Usiku tumekaa uani. Aliona wekundu angani upande wa kaskazini akasimama. "Mlamu, kunaungua." Nikamwambia kaa chini, ni volkano ya Nyiragongo, inawaka hivyo kila usiku tangu 2002.

Ijumaa, 1 Julai. Goma

Asubuhi tumeingia Birere, mtaa wa biashara, kutafuta vifaa, maana nusu ya vyambo vyake havitatufaa: ndoana ni kubwa kuliko samaki wengi wa Kivu. Athmani alimwamkia mama mmoja muuza kuku "shikamoo", mama akajibu "jambo, baba", kila mtu akaridhika. Tukanunua shingo ya jogoo mweupe na manyoya yake, kipande cha mkia wa mbuzi, na kamba moja ya mapambo ya Noeli iliyobaki tangu mwezi wa kumi na mbili. Nje, kijana wa chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, aliyebeba magunia manne ya makaa alisimama kututazama tunavyochagua unyoya mmoja mmoja juani. Akatikisa kichwa, akaondoka.

Kazi ya kufunga chambo tumeifanya kwenye etau, yaani jiriwa, ya rafiki yangu fundi. Hapa nilikaa kama mwanafunzi. Ndoana inabanwa, uzi unazungushwa kutoka jichoni hadi kwenye mpindo, mkunjo kwa mkunjo bila kuacha mwanya. Kisha yanafungwa macho. Athmani ameniambia habari za Mmarekani Bob Clouser, ambaye mwaka 1987 alifunga macho ya risasi juu ya ndoana ili chambo kigeuke, ndoana itazame juu, na kila ukivuta na kuachia, kichwa kizame kisha kinyanyuke kama samaki mdogo aliyejeruhiwa. Siku hizi kinatumika karibu kila bahari yenye samaki. Macho tuliyokuwa nayo yalikuwa mazito mno kwa ndoana ndogo, kwa hiyo nikayeyusha bati la kuchomelea, nikadondosha matone mawili kwenye kipande cha waya, nikayapiga tupa. Yalitoka yamekengeza. Athmani akasema samaki hawaangalii urembo. Juu yake nywele za mbuzi, nyuzi tatu za Noeli, basi. Kitu cha urefu wa kidole. Ukikilowesha kinasinyaa, kinakuwa sambaza kabisa, yule samaki mdogo wa Kivu.

Alasiri, kurusha. Hapa ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kuelewa jambo hili hata kidogo. Katika kuloba kwetu unarusha jiwe au risasi, kamba inafuata. Unyoya hauna uzito wa kufika popote. Kinachorushwa ni kamba yenyewe: nene, ya plastiki, imetengenezwa iwe na uzito. Unaivuta nyuma juu ya bega, unangoja, inyooke yote mgongoni kwako, ndipo unaipeleka mbele. Hilo neno "unangoja" ndilo lililonishinda. Mara ishirini niliipeleka mbele kabla haijanyooka, ikapasuka kama kiboko cha mchunga ng'ombe na kunirudia kichwani.

Goma haina nyasi za kufanyia mazoezi hayo. Tulikuwa kwenye kiwanja kitupu karibu na ziwa, mawe meusi ya volkano ya 2002 chini ya miguu, na mawe yale ni tupa. Baada ya saa moja kamba ilikuwa imechunika sehemu tatu. Athmani hakusema neno, ila aliifuta kwa kitambaa taratibu kama mtu anayemfuta mtoto damu.

Kamba ikaingia kwenye shimo kati ya mawe, naye akainama kushuka kuifuata. Bibi aliyekuwa anaanika nguo akapiga kelele: "Weye! Toka pale! Iko mazuku!" Athmani akaganda. Mazuku ni hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kulala kwenye mashimo kama maji. Huioni, huinusi, ukiinamisha kichwa ndani yake unalala. Bibi alisema mbuzi wake wawili walikufia palepale, mwaka uliopita. Tuliivuta kamba kutoka mbali. Ikachunika mara ya nne.

Jumamosi, 2 Julai. Ziwani

Mashua ya kasi, Goma hadi Bukavu, chini ya saa tatu. Athmani alichota maji kwa kiganja akayaonja. "Hayana chumvi," akasema, kama mtu aliyepunjwa. Sehemu kubwa ya njia kisiwa cha Idjwi kilikuwa ubavuni, migomba hadi majini. Aliuliza mara tatu samaki wakubwa wako wapi, na mara tatu nikamjibu hakuna.

Hakuamini, ikabidi nimweleze. Ziwa hili zamani lilikuwa linatoka kaskazini kuelekea Nile, mpaka milima ya volkano ya Virunga ikaziba njia. Maji yakapanda, yakatafuta mlango kusini, ndiyo Ruzizi. Ruzizi inaporomoka karibu mita 700 kufika Tanganyika, na samaki wa kule, sangala na wenzake, hawakuweza kuyapanda maporomoko. Tumebaki na ndugu wa tilapia na wadogo wengine. Chini zaidi, kupita mita 60 au 70, hakuna hewa ya samaki yeyote kuvuta: ni gesi, kaboni na methani, imeyeyuka ndani ya maji hadi chini kabisa, zaidi ya mita 480. Mwezi wa tano mwaka huu Rwanda wamezindua mtambo wa kuitoa methani hiyo na kuifanya umeme.

"Kwa hiyo nimebeba fimbo ya sulisuli," akasema, "kuja kuvua kwenye chupa ya soda."

Jumapili, 3 Julai. Bukavu, usiku

Mwezi umefifia kabisa, giza ndilo wavuvi wa sambaza wanalolitaka. Bwana mmoja ambaye moteri yake nimeitengeneza mara nyingi bila kudai haraka amekubali kutuchukua. Chombo chao unakijua ukiwahi kukaa Bukavu jioni: mitumbwi mitatu mirefu, imefungwa pamoja kwa magogo, na miti mingine mirefu imetokeza mbele na nyuma kama pembe za panzi, ya kuning'inizia wavu. Wanatoka jua likizama wakiimba, mmoja anaanza, wengine wanaitikia na kasia. Athmani alinyamaza kabisa wimbo ulipoanza. Baadaye akasema kwao wazee walikuwa wanaimba hivyo wakivuta jarife.

Katikati ya maji, taa ziliwashwa, wavu ukashushwa kama shuka chini ya mwanga, kisha kungoja. Saa moja, saa mbili. Baridi ya Kivu mwezi wa saba inaingia kwenye mifupa. Mimi na Athmani tulijifunika turubai moja, na hapo ndipo aliponieleza kazi yake vizuri kwa mara ya kwanza, bila dada kutia chumvi.

Nyuma ya mashua, alisema, wanaburuta vyambo vikubwa vya rangi visivyo na ndoana hata moja. Wenyewe wanaviita tiza. Kazi yake ni kumchokoza sulisuli. Samaki anakuja nyuma ya tiza, mdomo mrefu nje ya maji, ubavu umewaka buluu, anapiga na kupiga na hapati kitu cha kumeza. Baharia anavuta tiza polepole kuelekea mashua, samaki anafuata kwa hasira, mpaka anafika hatua kumi au kumi na mbili. Ndipo nahodha anaondoa gia. Sheria ya IGFA, lile shirika linaloandikisha rekodi za samaki duniani, haikubali unyoya urushwe huku chombo kinasukumwa na mashine. Mashua inateleza kimya, baharia anaichomoa tiza majini kwa nguvu, na mgeni anarusha unyoya, si mbele ya samaki bali nyuma kidogo ya jicho lake, ili ageuke. Akigeuka akiwa ameufunga mdomo, ndoana inakaa kwenye pembe ya taya.

"Na uzi unaobeba samaki huyo," akasema, "haupaswi kupita ratili 20. Kilo tisa tu. Mbele yake unaruhusiwa kipande kinene cha sentimita 30 kwa ajili ya mdomo wake, kwa sababu ule mdomo ni msumeno. Samaki kilo 30, uzi kilo tisa. Ukimlazimisha, umempoteza."

Bwana mwenye mitumbwi alikuwa anasikiliza gizani. Akasema, "Sasa hii taa yetu ni nini? Sambaza inaifuataka, inazungukaka, haipati kitu. Ni ile tiza yako." Athmani akafikiri. Akakubali.

Saa sita za usiku walianza kuvuta. Wavu ulipanda polepole kutoka pande zote, na ghafla maji chini ya taa yakawa fedha inayochemka. Nimeviona hivi tangu utoto na bado vinanishtua. Sambaza hawa si wenyeji: Wabelgiji waliwaleta kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakiwachanganya aina mbili, na ni aina moja tu iliyokubali kuishi hapa. Leo ndiyo mboga ya nusu ya mji.

Kabla wavu haujafika juu, Athmani alirusha chambo chetu cha macho ya kukengeza pembeni mwa mwanga. Mvuto wa kwanza, wa pili, akashtuka. Akamleta samaki mkononi: sambaza mmoja mkubwa, urefu wa kiganja, amenasa pembeni mwa mdomo. Fimbo ya sulisuli haikujua hata kama ina mzigo. Wale vijana waligaagaa kwa kicheko. Mmoja alitaka kumpima kwa mizani ya kahawa. Lakini bwana mwenye chombo alimchukua yule samaki, akamsogeza kwenye taa, akamtazama mdomo kwa muda. "Ameuma kweli," akasema.

Jumatatu, 4 Julai. Bukavu

Tumelala.

Jumanne, 5 Julai. Njiani

Bukavu hadi Uvira kwa barabara ya Ngomo. Sina la kusema juu ya barabara hiyo ambalo abiria yeyote hajalisema akiwa amefumba macho. Upande mmoja ukuta, upande mwingine hewa, na lori la bia linakuja. Athmani, ambaye hatapishwi na bahari yoyote, alitapika mara mbili kabla ya Kamanyola. Kisha uwanda wa Ruzizi, joto likatuvaa kama blanketi, maembe, ng'ombe, vumbi, na jioni Tanganyika ikatokea mbele, pana, taa za Bujumbura zinaanza ng'ambo. Alishusha kioo akavuta pumzi. "Hapa sasa panafanana na kwetu."

Jumatano, 6 Julai. Uvira

Idd. Athmani aliswali na umati, kanzu ya kuazima fupi kwenye vifundo. Hakufunga siku za safari, atazilipa, lakini pilau aliila kama aliyefunga zote. Tumefikia kwa Muzee Ramazani, rafiki wa marehemu baba yangu, mvuvi wa Kalundu tangu ujana. Kwake, hatimaye, "shikamoo" ilipata "marahaba" yake, na nadhani hiyo ndiyo iliyomfanya Athmani ampende papo hapo.

Baada ya chakula Athmani akafungua kikopo chake mbele ya mzee, kwa adabu, na kuanza maelezo yote: Clouser, macho, ndoana inayotazama juu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akamtuma mjukuu ndani. Mtoto akarudi na kopo kuukuu la maziwa ya unga, kifuniko kimeshika kutu. Mzee akalifungua kwa kisu, akatoa mshipi uliozungushwa kwenye kipande cha mti. Ndoana kumi hivi, umbali wa shibiri kati ya moja na nyingine, na kila ndoana imefungwa unyoya mweupe wa kuku. Mwisho wa mshipi, jiwe.

"Hii nilikuwa nalobea mukeke usiku, chini ya taa," akasema. "Unashusha, unavuta kidogo, unaachia. Kidogo, unaachia."

Mkono wake ulikuwa unafanya hewani. Ni mvuto uleule niliofundishwa Goma. Athmani aliuchukua unyoya mmoja kati ya vidole akaugeuza. Ulifungwa kwa uzi wa kushonea magunia, mkunjo kwa mkunjo, bila mwanya. Akauliza nani alimfundisha. Mzee hakuelewa swali. Nani amfundishe mtu kufunga unyoya?

Alhamisi, 7 Julai. Uvira

Saa kumi alfajiri, Kalundu. Mtumbwi wa mbao, moteri ya nguvu 15 ambayo niliisikiliza dakika moja tu nikajua plagi zake zimechoka. Nilizisafisha palepale kwa tochi ya simu. Ziwani, vyombo vya ndagala, dagaa wa Tanganyika, vilikuwa vinazima taa kimoja kimoja. Mzee akaelekeza nje kidogo ya vyombo hivyo, mahali ambapo ndagala waliotawanyika kutoka kwenye mwanga wanakuwa bado wamechanganyikiwa. Mukeke wanajua saa hiyo kuliko sisi.

Kulipopambazuka tuliwaona: maji yanatetemeka, vindagala vinaruka kama mchele unaopepetwa, na chini yao migongo. Athmani akanipa fimbo. Mimi, si yeye. "Wageni wanalipa," akasema, "wewe ni mlamu, unaanza bure."

Nikarusha. Nilingoja nyuma, safari hii kweli nilingoja, kamba ikanyooka, ikaenda kama hatua kumi na tano. Nikavuta, nikaachia. Nikavuta. Kitu kikaikamata kamba mkononi mwangu.

Nikainua fimbo.

Athmani alikuwa amenionya tangu Goma, mara sijui ngapi. Mtu yeyote aliyeloba kwa mti wa mwanzi tangu utoto, samaki akiuma, anainua. Lakini fimbo hii imetengenezwa ijikunje. Ukiinua, inakunjika, na nguvu yote inaishia kwenye mkunjo wake, ndoana haipati kitu. Unatakiwa kuielekeza fimbo kwa samaki, chini, na kuvuta kamba kwa mkono wa kushoto, pigo moja refu. Mkono tu. Nilijua yote hayo. Mkono wangu wa kulia haukujua.

Samaki alikimbia, kamba ikapita kwenye kidole changu cha shahada ikakichana, ikalegea. Kimya.

"Umeinua fimbo, mlamu."

"Nimeona."

Nikainua mara nne zaidi asubuhi hiyo. Sitasimulia moja moja. Upepo ukaamka, tukarudi mikono mitupu, na dagaa wa kununua.

Ijumaa, 8 Julai. Uvira

Athmani alitaka kuwahi swala ya Ijumaa, kwa hiyo tulikuwa na asubuhi tu. Mahali palepale. Kidole nilikifunga kwa utepe wa umeme, na Mzee Ramazani, ambaye jana hakusema lolote, alifanya jambo ambalo wageni wa Malindi hawajui: akachukua kipande cha mpira wa baiskeli, akaufunga mkono wangu wa kulia kwenye goti langu. Fimbo ikabaki imelala juu ya paja, ncha kwenye maji. "Sasa inua," akasema.

Huwezi kurusha ukiwa umefungwa, kwa hiyo Athmani alinirushia, akaniwekea fimbo mkononi, mimi nikavuta kwa kushoto. Aibu tupu, mtu wa miaka 41. Mvuto wa tatu, kikagusa. Kulia hakuwa na pa kwenda. Kushoto akavuta, pigo refu, na kwa mara ya kwanza nikasikia upande wa pili wa kamba uzito uliokaa. Ulikaa, ukatikisa kichwa. Mukeke, mrefu kuanzia kiwiko hadi vidoleni, mgongo wa majivu, tumbo kama kisu kipya. Walinifungua ule mpira nikiwa bado namshika.

Jua lilipopanda tukasogea kusini, kwenye mawe. Hapo Athmani alichukua fimbo yake na nikaona kwa nini watu wanamlipa. Hakuna juhudi. Kamba inaenda nyuma, inalala hewani kama imetundikwa, inakwenda mbele, mkono wa kushoto unaongeza kidogo, na unyoya unaangukia kando ya jiwe bila kishindo. Mara ya sita au ya saba kivuli cha manjano kilijitoa kwenye mchanga. Pigo la mkono. Samaki alikimbilia kina, kamba yote ikatoka, uzi wa akiba ukaanza kutoka, na gurudumu la fimbo likalia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye maji yetu. Athmani alikuwa anatabasamu peke yake, yuko Malindi.

Kuhe. Ni mmoja wa ndugu wakubwa kabisa wa tilapia duniani. Wetu alikuwa hatua moja fupi, manjano, mabaka meusi ubavuni. Athmani alimlaza juu ya maji, akamtoa ndoana kwa vidole viwili, akamshika chini ya tumbo kichwa kikielekea nje. Nikaelewa anataka kufanya nini sekunde moja kabla ya mzee.

Mzee akamkamata kifundo cha mkono. "Unafanya nini?"

"Namwachia, mzee."

"Ni mugonjwa?"

"Si mgonjwa. Kwetu sulisuli tunampachika kitambulisho chenye namba, tunamwachia. Wageni wanataka hivyo. Wanalipa kwa ajili hiyo."

"Wanalipa ngapi?"

Athmani akataja bei ya mashua kwa siku, kwa dola. Mzee alikaa na hesabu hiyo, mkono wake bado juu ya mkono wa Athmani, na kuhe katikati anapumua. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akauliza, "Na yule anayemuachia, jioni anakula nini?"

"Hotelini. Anakula kuku."

Mzee akamwinua kuhe kwa mashavu, akamweka ndani ya mtumbwi, akakanyaga mkia wake kwa unyayo, polepole. Athmani akanawa mikono.

Tulimla usiku, bada la muhogo, pilipili, na limau. Athmani alipewa kichwa kwa kuwa ndiye aliyemtoa, akakichambua mpaka mfupa mweupe. Miaka tisa ya samaki wakubwa, alisema, na hakumbuki lini alikula mmoja aliyemshika mwenyewe.

Kabla ya kulala alimpa mzee vyambo vitatu vyema zaidi vya kikopo chake. Mzee alishukuru, akakaa chini ya taa ya sola, akatoa wembe. Akakata uzi, akabandua macho, nywele za mbuzi, nyuzi za Noeli, akavipuliza vyote chini. Akajaribu ncha ya ndoana kwenye ukucha.

"Hii ni ndoana," akasema, na kumwita mjukuu alete unyoya wa kuku.